Website ya ushirika wa mpunga niliyoipanga kwa table za stationery, na siku simu ya Mwalimu ilipoisoma

Wakuu, salaam kutoka Mpanda.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo nashusha wa kwangu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe huku huku Katavi, na sitaficha hata pale nilipoonekana mjinga. Nikificha hapo, uzi wote unakuwa hauna kazi.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa kujisifu kidogo. Mtanivumilia.

Nina stationery yangu hapa mjini, mtaa wa Ilembo. Photocopy, kuchapa barua, CV, kadi za mchango, ratiba za misa, fomu za kila aina. Kama umewahi kufanya kazi hii unajua adui namba moja ni nini. Ni mistari kucheza. Unapanga jina kushoto na tarehe kulia kwa kubonyeza space, ukifungua file kwenye computer nyingine kila kitu kimetawanyika.

Dawa yake sisi watu wa stationery tunaijua. Unachora table, unaweka kila kitu kwenye chumba chake, halafu unaondoa mistari ya table isionekane. Kazi inatoka imenyooka utafikiri imetoka kiwandani.

Na mimi nilikuwa hatari kwa hilo. Kadi ya harusi yenye ukoo wa bwana kushoto na ukoo wa bibi kulia, kila mstari umelingana na mwenzake, ilikuwa mambo yangu. Siri yenyewe ni kwamba nilikuwa nakata maneno. Mstari wa kwanza wa kushoto kwenye chumba chake, mstari wa kwanza wa kulia kwenye chumba chake, nashuka wa pili, hivyo hivyo mpaka chini. Stationery nyingine walikuwa wanawaambia wateja, "Hiyo peleka kwa yule dada wa Ilembo."

Kumbukeni hiyo ya kukata maneno, maana ndiyo iliyoniponza.

Basi bwana, nikaanza kujifunza HTML, lugha ya kuandikia website. Sikwenda chuo. Nilisoma PDF na kuangalia video kwenye simu wateja wakiwa hawapo. Siku nilipofika kwenye table, tr ambayo ni mstari wake, na td ambayo ni chumba chake, nilicheka peke yangu. Nikasema kumbe website ni kadi ya harusi tu! Border weka sifuri, mchezo umeisha.

Kulikuwa na hiyo kitu inaitwa CSS, nikaitumia kupaka rangi tu. Kupanga ukurasa, nilikuwa na table zangu.

Humu humu jukwaani kuna jamaa mmoja niliwahi kumuonyesha kazi, akaniandikia, "Dada, nani anapanga ukurasa kwa table siku hizi?" na kaemoji ka kucheka. Sababu hakutoa. Kicheko tu. Mimi mtu akinicheka bila kunipa sababu nashikilia zaidi nilichonacho. Nikaendelea na table zangu, tena kwa hasira.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Kuna ushirika wa wakulima wa mpunga, ofisi na ghala viko Majimoto, wanachama wametapakaa Kibaoni, Mbede na vijiji vya jirani. Jina la ushirika naliacha. Katibu wao, nitamwita Deo, alikuwa akija Mpanda kuchapisha makaratasi kwangu. Siku moja akaniuliza kama naweza kuwatengenezea website, wanachama wasome matangazo na siku za kupokelewa mpunga ghalani. Ghala ni moja na vijiji ni vingi, kwa hiyo kila kijiji kina siku yake. Wakija wote pamoja panakuwa hapakaliki.

Nikamjibu naweza, kabla hata hajamaliza kuuliza.

Hiyo ilikuwa website yangu ya kwanza ya kazi kweli. Nikaipanga kama kadi. Juu jina la ushirika, chini yake matangazo mawili mawili, kushoto na kulia, mstari kwa mstari. Kwenye laptop ilikaa vizuri mpaka nikaipiga picha nikaiweka status.

Siku ya kuwaonyesha nikapanda gari alfajiri, tukakatiza hifadhini na mbung'o wakitusindikiza, mpaka Majimoto. Nikawasha laptop mbele ya kamati, wakapiga makofi. Nilirudi Mpanda kichwa kimevimba, nyie acheni tu.

Mavuno yakaanza.

Kwenye hiyo kamati kuna mzee mmoja, mjumbe wa Kibaoni. Namuita Mwalimu, maana alifundisha hesabu miaka mingi kabla ugonjwa haujamchukua macho. Haoni kabisa. Ana simu ambayo inasoma kwa sauti kila anachogusa. Kazi yake kwenye ushirika ni matangazo. Jumapili baada ya misa anakaa kwenye benchi nje ya kanisa, watu wanamzunguka, anafungua website anaweka sauti kubwa. Wasiojua kusoma wanasikia, wanaojua kusoma lakini hawana bando wanasikia pia. Hiyo kazi anaipenda, na kwa kusema kweli ndiyo iliyomrudisha katikati ya watu baada ya kustaafu na kupoteza macho kwa mpigo.

Mimi haya nilikuwa siyajui. Siku ya kuonyesha alikuwepo, alikaa nyuma, nikajua ni mzee tu amevaa miwani nyeusi.

Wiki ya pili ya mavuno Deo akanipigia. Kibaoni wameleta tela zima la mpunga siku ya Jumatano, wakati Jumatano ni ya Mbede. Ghala limejaa, foleni imefika barabarani, trekta limegeuzwa na mzigo wake. Watu wamekasirika. Walipoulizwa nani kawaambia Jumatano, wote wakamtaja Mwalimu.

Nikafungua website mbio. Tangazo lilikuwa sahihi kabisa. Kibaoni Ijumaa, Mbede Jumatano. Nikamwambia Deo, akasema, "Wewe usijali dada, site yako iko safi. Mzee ndiye kasoma vibaya. Kamati inakaa wiki ijayo, tutampumzisha, kazi ya matangazo tumpe mwenye macho yake."

Wakuu, nilipumua. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Siyo mimi, ni mzee. Nikaendelea na photocopy zangu.

Kesho yake ikaingia simu namba ngeni. Sauti ya taratibu, Kiswahili cha darasani. Akajitambulisha, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akasema ana ombi moja tu kwangu.

"Binti, naomba uje unisomee kwa macho yako kilichoandikwa, nilinganishe na ninachokisikia mimi. Watu wanasema nimechanganyikiwa. Nataka nijue kama ni kweli, kabla hawajaniondoa."

Hakulaumu wala hakupandisha sauti. Angenifokea ningepata pa kubishia. Kesho yake nikafunga stationery nikaenda Kibaoni.

Nilimkuta nyumbani na mkewe. Kabla ya lolote ukawekwa wali na samaki, na kwa wale wazee huwezi kusema umeshiba. Tulipomaliza akatoa simu, akafungua website yangu, akaongeza sauti.

Tangazo la kushoto nililoandika mimi lilikuwa hivi: Wanachama wa Kibaoni, leteni mpunga ghalani siku ya Ijumaa.

La kulia: Wanachama wa Mbede, siku yenu ni Jumatano, njooni mapema.

Simu ikasoma hivi, kwa sauti yake ile isiyo na wasiwasi:

"Wanachama wa Kibaoni. Wanachama wa Mbede. Leteni mpunga ghalani. Siku yenu ni Jumatano. Siku ya Ijumaa. Njooni mapema."

Akairudia mara ya pili. Mimi nimeshaliona kosa hata kabla haijamaliza.

Mmeelewa? Nilikata maneno kama kwenye kadi ya harusi, kila mstari kwenye chumba chake. Mtu anayeona anashuka na upande mmoja mpaka mwisho, ndipo anahamia wa pili. Simu haijui pande. Inasoma chumba cha kushoto, inaruka cha kulia, inashuka, inarudi kushoto. Ilisoma kwa uaminifu kabisa kile nilichokiandika kwenye code.

Nikamsomea kwa macho yangu kama alivyoomba. Akaniuliza kwa sauti ya mwalimu anayemuuliza mwanafunzi wake ubaoni, "Ulipoandika, ulikuwa unashuka au unakwenda pembeni?"

Nikamjibu nilikuwa nakwenda pembeni, Mwalimu.

"Basi na simu imekwenda pembeni. Macho yako ndiyo yanashuka."

Wakuu, jamaa wa kaemoji alikuwa sahihi, ila angenipa maneno haya tu ningeelewa siku ile ile. Mzee asiyeona, ambaye hajawahi kuandika code, alinipa sababu nzima kwa maneno tisa.

Pale pale nilimwomba radhi. Akasema radhi ameipokea, ila haimsaidii yeye na mimi tukiwa sebuleni. Hapo nilielewa anataka niyaseme mbele ya kamati.

Nikarudi Mpanda. Kikao kilikuwa kimebaki siku nne.

Hapa mnipe nafasi nijisifu. Siku nne hizo, mchana wateja, jioni code, nilijifunza CSS niliyoikataa muda wote. Na nikaielewa, siyo kuinakili.

Kwa wasiojua, ni hivi. HTML unaiandika kama barua. Kichwa cha habari, tangazo la kwanza lote mpaka nukta yake, tangazo la pili lote mpaka nukta yake. Mpangilio wa maana unakuwa umeshakamilika hapo, hata kama hakuna urembo wowote. Halafu CSS inakaa kwenye file lake pembeni, inaiambia browser: skrini ikiwa pana waweke hawa wawili sambamba, ikiwa ya simu mweke mmoja chini ya mwenzake. Maneno hayakatwi. Anayeona anaona pande mbili, anayesikia anasikia tangazo moja likiisha ndipo linaanza jingine.

Na faida ambayo sikuitegemea, kwenye simu ndogo ukurasa ukakaa wenyewe bila mtu kuvuta kulia na kushoto. Kumbe hata wenye macho walikuwa wananivumilia tu, maana table zangu niliziwekea upana wa laptop. Hakuna aliyewahi kunilalamikia. Nilipomuuliza Deo akasema walidhani website zote ziko hivyo.

Nilifuta table zote, wakuu. Zote. Kwa hasira ile ile niliyokuwa nazitetea. Popote palipokuwa na table nikaweka div, yaani boksi tupu lisilo na safu wala mistari. Nikamtumia Mwalimu asikilize, nikakaa nasubiri sifa.

Akapiga. Matangazo akasema yamenyooka, anayaelewa hata kabla simu haijamaliza. Nikaanza kutabasamu. Akasema, "Lakini ratiba umeiharibu, binti."

Ratiba ilikuwa ile ya msimu mzima, vijiji na siku zao, iliyokaa chini kabisa ya ukurasa ambako Jumapili watu walikuwa hawasubiri kufika. Zamani ilikuwa table, sasa nimeigeuza div za pande mbili, vijiji upande huu, siku upande huu. Simu ikawa inataja vijiji vyote kwanza mpaka mwisho, halafu inataja siku zote. Nani ni wa lini, utajua mwenyewe.

Nikamwambia Mwalimu, si ndiyo table zenyewe tumezikimbia? Akacheka, mara ya kwanza namsikia anacheka. Akaniambia ratiba ni jedwali, yeye amefundisha jedwali maisha yake yote, na kitu ambacho ni jedwali kiandikwe kwa jedwali. Tangazo siyo jedwali. Ndiyo tofauti yake, hakuna nyingine.

Nikarudisha table moja tu, ya ratiba, na safari hii nikaipa vichwa vyake vya safu kwa th, ambavyo zamani sikuwa navijali kwa sababu niliona bold inatosha. Simu yake ikaanza kumtajia: Kijiji, Kibaoni. Siku, Ijumaa. Alinipigia kunisikilizisha, nikasikia na mkewe huko nyuma anaitikia Ijumaa.

Nasema kwa kifua mbele, ule ukurasa ndio kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na hauna tofauti kubwa ukiuangalia! Ukiweka picha ya zamani na ya sasa kwenye laptop utadhani nimebadilisha rangi tu.

Ikafika siku ya kikao. Sikualikwa. Nilimpigia Deo nikamwambia nakuja na nataka dakika kumi. Akaniuliza za nini. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, nataka nilisemee mimi.

Deo ni mtu mzuri, lakini alijaribu kunizuia. Alinikumbusha kuna watu kwenye kamati tangu mwanzo walitaka kazi ya website ipewe mtu wa Dar, mimi wa stationery walinikubali kwa sababu yake. Nikisimama kujishtaki, nawapa sababu. Akasema jambo limeshapata mwenyewe, Mwalimu ni mzee, atapumzika, watu watasahau.

Msinione shujaa. Nililifikiria hilo njia nzima. Kazi yangu ya kwanza ya heshima ilikuwa hiyo website, na ningeweza kuishikilia kwa kukaa kimya tu. Lakini nikimkumbuka yule mzee akisema "kabla hawajaniondoa", naona siwezi kugeuza.

Tulikaa ghalani, kwenye viti vya plastiki, magunia yamepangwa nyuma yetu. Mama Restuta wa Kibaoni, ambaye mzigo wake ulikuwa kwenye lile tela, ndiye aliyeongea zaidi. Alisema hana ugomvi na Mwalimu, ila gharama ya trekta ameilipa mara mbili, na kwamba kumpa asiyeona kazi ya kusoma yalikuwa ni makosa yetu wote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu alikuwa ametulia, mikono juu ya fimbo yake.

Nikasimama. Sikutoa hotuba. Nilimwomba Mama Restuta achukue simu ya Mwalimu ashike yeye mwenyewe, ili asije mtu akasema mzee kagusa pasipotakiwa. Nikafungua ukurasa wa zamani, niliouhifadhi makusudi. Nikaongeza sauti.

"Wanachama wa Kibaoni. Wanachama wa Mbede. Leteni mpunga ghalani. Siku yenu ni Jumatano."

Mama Restuta akaiangalia ile simu, akaniangalia mimi.

Nikawaambia, "Haya niliandika mimi. Nilikata maneno ili yapendeze kwa macho. Mwalimu hajakosea hata neno moja."

Nikafungua mpya. Ikasoma tangazo la Kibaoni lote, likaisha. La Mbede lote, likaisha. Ratiba, kijiji na siku yake. Mama Restuta alisikiliza mpaka mwisho na hakuna aliyemkatisha.

Mwenyekiti akamuuliza Mwalimu kama ana la kusema. Akasimama taratibu.

"Mlisema macho yangu yamekosea. Macho yangu hayajawahi kusoma hilo tangazo hata siku moja. Mimi nililisoma kama lilivyoandikwa."

Akakaa.

Mama Restuta akainuka. Alimrudishia simu mkononi, akasema, "Nisamehe Mwalimu. Jumapili nitakuja kukaa mbele."

Hawakupiga hata kura. Mwalimu akabaki na kazi yake. Yule mjumbe aliyekuwa anataka mtu wa Dar akaniuliza kwa sauti ya kutaka kunibana, sasa tutajuaje kama hutakosea tena? Kabla sijajibu, Mwalimu akasema atakuwa anasikiliza yeye. Mwenyekiti akaliandika hapo hapo.

Kwa hiyo utaratibu wa ushirika sasa ndio huu: hakuna tangazo linalopanda kwenye website mpaka Mwalimu alisikie kwanza. Naandika, namtumia, anasikiliza, ananijibu sawa au rudia. Mara mbili ameshanirudishia. Mtu waliyetaka kumpumzisha ndiye aliyeshika mlango, na mimi na laptop yangu tunasubiri nje mpaka atufungulie.

Kibaoni wamemaliza kupeleka mpunga wao, kila Ijumaa, na hakuna tela lililogeuzwa.

Somo langu, kwa wenzangu wa stationery hasa. Table siyo dhambi. Kama ni ratiba, matokeo, orodha yenye safu na vichwa, weka table na usimuogope mtu. Kama unataka tu kitu kikae kushoto na kingine kulia, hiyo ni kazi ya CSS. Na ma-senior wa humu, mtu akileta kazi yake mkaona kosa, mpeni na sababu. Mimi kicheko chenu kilinichelewesha, na aliyelipia ucheleweshaji huo ni mzee wa Kibaoni.

Nakaribisha maoni, na matusi ya kistaarabu pia. Aliye na website aliyoipanga kwa table aweke link hapa chini. Nitaifungua kwa simu, nitafumba macho, halafu nitakwambia imeandikwa nini kweli.